Habari za Kona: Jinsi Gari Lilivyofunzwa Kupunguza Mwendo

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia. Najua ya kuwa msomaji akiliona neno hilo hutazamia wafalme, vita na mikataba. Mimi nitaandika habari za kona. Nafanya hivyo kwa makusudi, kwa maana katika mkutano wetu uliopita wenzangu kadhaa walikuja na magari yaliyotoka Japani ambayo, kwa maneno yao wenyewe, "yanajiendesha". Vijana wa kidato cha tatu waliyazunguka na kuuliza maswali, na majibu yakawa mengi kuliko magari. Swali moja la kijana mmoja ndilo lililonikaa moyoni: gari hilo likiwa limeshika mwendo mkubwa katika barabara kuu, kisha likaingia katika njia ile iliyopinda inayolitoa na kulipeleka barabara nyingine, ni nani anayelipunguzia mwendo?

Ni swali zuri, na jibu lake lina historia ya miaka zaidi ya mia moja. Wala si historia ya magari peke yake.

Tuanze na njia yenyewe. Barabara mbili kubwa zikikutana, ama zikatane pale pale kwa taa na askari, ama moja ipite juu ya nyingine. Ikipita juu, lazima kuwe na njia za kuunganisha, na hizo haziwezi kunyooka. Mwaka 1916 mhandisi mmoja wa Maryland, Marekani, aitwaye Arthur Hale, alipewa hati ya uvumbuzi kwa mchoro wa makutano yenye vitanzi vinne, ambayo yakitazamwa kutoka juu hufanana na jani la mmea wenye vijani vinne. Makutano ya kwanza ya namna hiyo nchini mwao yalijengwa Woodbridge, New Jersey, mwaka 1929. Uzuri wake ni kwamba hakuna gari linalolazimika kusimama. Ubaya wake ni kwamba dereva aliyekuwa akienda kasi katika barabara iliyonyooka hutakiwa, kwa muda wa sekunde chache, azunguke karibu robo tatu ya duara.

Mtu atauliza, kwa nini wahandisi wasikifanye kitanzi kiwe kikubwa? Jibu ni ardhi. Ukizidisha nusu kipenyo cha duara mara mbili, eneo lake huzidi mara nne, na ardhi iliyo kando ya makutano ya mji mkubwa ni ghali kuliko dhahabu. Ndiyo sababu vitanzi vingi duniani vimebanwa, na nusu kipenyo cha meta 50 au pungufu si jambo la ajabu.

Sasa vijana wa darasani na wachukue kalamu. Mchapuko wa gari kuelekea katikati ya duara ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa nusu kipenyo. Kanuni hii ilitangazwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1673, miaka 14 kabla Newton hajachapisha kitabu chake kikuu. Chukueni kitanzi cha meta 50. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, mchapuko ni kama 2.5 kwa vipimo vya meta na sekunde. Abiria atauhisi, lakini chai yake haitamwagika. Kwa kilometa 60, ni zaidi ya 5.5, na sasa abiria ameshika mlango. Kwa kilometa 110, ambao ni mwendo wa kawaida katika barabara kuu za wenzetu, ni kama 18.7, yaani karibu mara mbili ya nguvu za mvutano wa dunia. Tairi nzuri katika lami kavu huweza kuhimili kiasi cha 8 hivi. Mvua ikinyesha, toeni karibu nusu. Kwa hiyo gari dogo lililoingia katika kitanzi hicho litapoteza njia likizidi kilometa 70 hivi kwa saa siku ya jua, na kama 50 siku ya mvua. Lori refu lililopakiwa juu ni shauri jingine kabisa: lenyewe hupinduka kabla tairi hazijateleza, na kwalo kilometa 48 yaweza kuwa mwisho. Wahandisi huinamisha lami kidogo kuelekea ndani ili kusaidia, lakini kuinamisha huko kuna mpaka, maana gari lisimamapo pale siku ya utelezi lisije likaserereka.

Angalieni jambo moja katika hesabu hizo. Mwendo umewekwa mraba. Ukiongeza mwendo kidogo, hatari haiongezeki kidogo. Madereva wengi hawalihisi jambo hili, na wala si wajinga; mwili wa binadamu, ukiisha kuzoea kilometa 110 kwa nusu saa, huona 70 kuwa ni kutambaa.

Je, dereva aliambiwaje kuhusu kona iliyo mbele yake? Kwa kibao. Na namna kibao hicho kilivyopata nambari yake yastahili kusimuliwa, kwa maana ni hadithi ambayo watu wachache wanaijua. Huko Marekani, tangu miaka ya 1930 na 1940, wapima barabara walitumia chombo kidogo sana: bomba la kioo lililopinda, lenye maji mazito ndani, na kijipira cha chuma. Walilifunga bomba hilo mbele ya dereva, wakaipita kona kwa mwendo mmoja usiobadilika, wakatazama kijipira kimepanda nyuzi ngapi upande wa nje. Kisha wakarudi, wakapita tena kwa mwendo wa juu zaidi. Kijipira kilipofika nyuzi 10, katika kona za mwendo wa maili 35 kwa saa na kuendelea, basi mwendo huo ndio ulioandikwa kibaoni. Nyuzi 10 hazikuwa mpaka wa gari kupinduka. Zilikuwa mpaka wa abiria kuanza kunung'unika, tena abiria wa magari ya wakati ule, yenye springi laini na tairi nyembamba. Mpaka huo uliendelea kutumika kwa miongo mingi, hata mwaka 2009 ulipopandishwa katika mwongozo wao wa taifa kuwa nyuzi 12.

Matokeo yake ni haya: dereva mwenye gari jipya alipita kona iliyoandikwa 35 kwa mwendo wa 45, hakuona shida, akajifunza kuvidharau vibao. Kisha siku moja akakutana na kibao kilichosema kweli. Kwa maoni yangu, kibao kinachotia chumvi kina madhara karibu sawa na kibao kilichoanguka.

Hapo ndipo mashine inapoingia katika habari yetu, nayo iliingia kwa mlango usiotazamiwa. Mtu aliyevumbua chombo cha kushika mwendo wa gari alikuwa kipofu. Jina lake ni Ralph Teetor, wa Hagerstown, Indiana, aliyezaliwa mwaka 1890 na kupoteza macho yake kwa ajali akiwa na umri wa miaka mitano. Alisoma hadi kuwa mhandisi, akawa mkuu wa kampuni iliyotengeneza pete za pistoni. Inasimuliwa kwamba alipopanda gari la mwanasheria wake alikereka mno, kwa kuwa yule bwana alipunguza mwendo kila alipozungumza na kuuongeza kila aliposikiliza. Kwa mtu asiyeona, ambaye mwili wake wote ulikuwa kipimo cha mwendo, ilikuwa adha kubwa. Akatengeneza chombo cha kuushikilia mwendo usiyumbe, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikakiweka katika baadhi ya magari yake ya mwaka 1958.

Chombo cha Teetor kilikuwa mtumishi mwaminifu kupita kiasi. Ukimwambia maili 60, atakupa maili 60: mlimani, mteremkoni, na kwenye kona. Hakikujua kona ni kitu gani. Dereva ndiye aliyepaswa kukanyaga breki, na alipokanyaga chombo kilijiondoa. Kwa miaka karibu 40 mambo yakakaa hivyo, na sidhani kama palikuwa na lawama kubwa, kwa kuwa kila mtu alielewa nani anafanya kazi gani.

Maelewano hayo yalianza kuvurugika gari lilipopewa macho. Mwaka 1995 Mitsubishi waliuza Japani gari la Diamante lililotumia mwale wa leza kupima umbali wa gari lililo mbele; halikukanyaga breki, bali liliachia mafuta na kushusha gia. Mwaka 1999 Mercedes-Benz wakaweka rada katika gari lao kubwa, nalo liliweza kufunga breki lenyewe. Sasa dereva aliweka mwendo anaoutaka, na gari likamfuata aliye mbele, likipunguza akipunguza, likiongeza akiongeza.

Ninawaomba wasomaji wafikiri kwa makini juu ya tukio lifuatalo, maana ndani yake umo ugumu wote. Dereva ameweka kilometa 110. Mbele yake kuna lori linalokwenda 80, na gari lake linalifuata kwa utulivu kwa 80. Wakafika mahali pa kutokea. Lori likaendelea moja kwa moja. Dereva wetu akapinda usukani kuingia katika njia ya kutokea. Rada ikatazama mbele: lori halipo, njia ni nyeupe. Mtumishi mwaminifu akakumbuka agizo la 110, akakanyaga mafuta. Gari likaongeza kasi mahali pale pale lilipopaswa kupunguza. Hakuna kilichoharibika. Kila kifaa kimetimiza kazi yake. Na hata gari la mbele likitoka kwa njia hiyo hiyo, rada za mwanzo zilikuwa na mwale mwembamba uliotazama mbele tu, kwa hiyo katika kona kali gari la mbele lilitoweka pembeni, na mambo yakawa yale yale. Ndiyo sababu vitabu vya maelezo vya magari haya, karibu vyote, vimeandika onyo kwamba chombo kisitumike katika njia za kutokea zenye kona kali. Ni onyo la kweli. Swali ni nani hulisoma.

Dawa ya kwanza haikuwa ya kuiona kona bali ya kuihisi. Mwaka 1995 kampuni ya Bosch, kwa kazi iliyoongozwa na mhandisi Anton van Zanten, ilileta chombo cha kulinda uthabiti wa gari, kikaanza katika magari ya Mercedes-Benz. Kilipima jinsi gari linavyozunguka, kikalinganisha na jinsi dereva alivyopinda usukani. Vikitofautiana, kikafunga breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha gari katika njia. Wengi mtakumbuka habari za mwaka 1997, gari dogo la kampuni hiyo hiyo lilipopinduka katika majaribio ya waandishi wa habari huko Sweden wakilikwepesha kama kwamba mnyama ameingia barabarani. Baada ya aibu ile chombo hiki kiliwekwa katika kila gari la aina hiyo, na kwa kweli aibu ile imeokoa watu wengi, kwa sababu kilishuka kutoka magari ya matajiri hadi magari ya watu wa kawaida.

Mwaka 2010 Ford wakaenda hatua moja mbele kwa gari lao la Explorer la mwaka 2011. Walisema wazi kwamba walifikiria njia za kuingilia na kutokea katika barabara kuu. Gari likihisi kwamba limeingia katika kona kwa kasi mno, hufunga breki za magurudumu yote manne na kupunguza hadi maili 10 kwa saa katika muda wa sekunde moja hivi. Ni kazi nzuri. Hata hivyo, fahamuni kwamba chombo cha namna hii huanza kazi gari likiwa tayari ndani ya kona. Rudini katika kitanzi chetu cha meta 50: aliyeingia kwa 70 ataokolewa, aliyeingia kwa 110 hataokolewa na maili 10.

Basi ikabaki kazi ngumu, nayo ni kuijua kona kabla ya kuifikia. Kamera husaidia, lakini kamera huona kipande cha barabara tu, na kitanzi huwa kimejificha nyuma ya ukingo au chini ya daraja. Kinachoweza kuona nyuma ya ukingo ni ramani. Mwaka 2017 Mercedes-Benz waliliwezesha gari lao kubwa kutumia ramani kupunguza mwendo lenyewe kabla ya kona, makutano na njia za kutokea. Mwaka huo huo General Motors walileta gari linaloshika usukani katika barabara kuu zaidi ya kilometa 200,000 za Marekani na Kanada, zote zikiwa zimepimwa kwa leza kwanza. Mwaka 2020 Subaru wakauza Japani gari la Levorg lenye kamera mbili, setilaiti na ramani ya barabara kuu za nchi yao, nalo hupunguza mwendo kabla ya kona na kabla ya vituo vya kulipia. Kwa hakika hii ni kazi ile ile ya kijipira cha chuma: mtu amepita kwanza akapima, kisha akamwachia habari yule ajaye nyuma. Tofauti ni kwamba habari haikuandikwa kibaoni.

Lakini ramani nayo ina tabu yake, na tabu hiyo hujitokeza hasa katika njia za kutokea. Pale inapoanzia, njia ya kutokea iko bega kwa bega na barabara kuu, na setilaiti za kawaida hukosea kwa meta kadhaa. Gari likidhani limo katika njia ya kutokea nalo limo katika barabara kuu, litafunga breki bila sababu mbele ya lori linalokuja kwa kasi. Likidhani kinyume chake, litaingia kitanzini na mwendo wake wote. Wahandisi hulazimika kuchagua kosa lipi ni afadhali. Tena ramani haijui kwamba mvua imenyesha, wala kwamba tairi zako zimekwisha.

Wenye kutunga sheria nao wameweka mpaka wao. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu usukani, hairuhusu chombo kinachosaidia kushika njia kuongoza gari katika kona kwa mchapuko wa kando unaozidi 3. Fanyeni hesabu: katika kitanzi cha meta 50 huo ni mwendo wa kilometa 44 kwa saa. Juu ya hapo chombo kinaruhusiwa kuuachia usukani. Maana yake ni kwamba yawezekana mashine mbili zikawa ndani ya gari moja, moja ikishikilia mwendo mkubwa na nyingine ikiuachia usukani kwa sababu ya mwendo huo huo, na katikati yao ameketi binadamu ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akitazama mandhari.

Nimeyaeleza haya ya ng'ambo kwa urefu kwa sababu sasa yamefika kwetu kwa meli. Nchini Tanzania tumeanza kuwa na barabara za juu: ile ya Mfugale, hapo TAZARA, ilifunguliwa mwaka 2018, na makutano ya ghorofa ya Kijazi, Ubungo, mwaka 2021. Kenya wana Barabara ya Thika tangu mwaka 2012, na ile ya kulipia jijini Nairobi tangu mwaka 2022. Tuna pia kona ambazo si za ghorofa lakini hazina huruma: waliosafiri Kitonga au Sekenke hawahitaji kuelezwa.

Na magari tunayoyanunua ni yale yale ya Japani, yakiwa yametumika miaka kadhaa. Yanakuja na rada zake na kamera zake, ambazo hazijali nchi. Chombo cha kulinda uthabiti kitafanya kazi Ubungo kama kilivyofanya Osaka, mradi breki na tairi ziwe nzima. Chombo cha kushika mwendo kitashika mwendo. Lakini ramani iliyomo ni ya Japani. Ile sehemu iliyokuwa ikilijulisha gari kwamba mbele kuna kitanzi, ambayo imechukua miaka mia kupatikana, imebaki bandarini Yokohama. Gari linaloshuka Dar es Salaam lina miguu ya mwaka 2020 na, kuhusu kona, akili ya mwaka 1999: litamfuata aliye mbele, na akiondoka litakimbilia mwendo lililoagizwa.

Muuzaji hatakwambia hivyo, na si kwamba anaficha. Mara nyingi naye hajui. Maelezo yapo katika kitabu kilichomo kwenye droo ya dashibodi, pamoja na lile onyo la njia za kutokea, nayo yameandikwa Kijapani. Nimewaomba wenzetu wanne waliokuja na magari ya namna hiyo walete vitabu vyao katika mkutano ujao. Tunaye mmoja kati yetu aliyesoma Japani miaka mingi, naye amekubali kutusomea sehemu ya chombo cha kushika mwendo, ukurasa kwa ukurasa. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne watakaopenda kusikiliza wanakaribishwa, na waje na daftari zao za fizikia.